Kichwa cha Kujifunzia

Msichana anayetaka kuwa msusi Ifakara siku hizi haombi kufundishwa, anaomba kichwa. Atamwambia mdogo wake, au binti wa jirani, au mama mdogo asiye na safari wiki hiyo: "Nipe kichwa Jumamosi." Malipo yake ni kusukwa bure, ukikubali kukaa kutwa kwenye kigoda na pengine kufumuliwa jioni yake. Mafunzo yenyewe anayo tayari. Yamo ndani ya simu, kwa Kiingereza cha Lagos au Kiswahili cha Dar es Salaam, na anaweza kuyarudia mara arobaini bila mwalimu kukunja uso.

Tumezoea kubishana kama kweli mtu anaweza kujifunza ufundi kwenye simu. Ubishi huo umeshachuja. Anaweza, pita Kibaoni au Viwanjasitini uangalie vichwa vya watu. La kuuliza ni kwa nini simu zilezile na bando lilelile vimetuletea wasusi tele, mafundi simu wa kutosha, waoka keki kiasi, na mafundi umeme ambao mwenye akili zake hawapi nyumba. Kipaji hakitoshi kueleza tofauti hiyo, na ubora wa video hautoshi pia, kwani video za umeme ni nzuri mno. Mimi naitafuta sababu kwenye gharama ya kuharibu. Kufundishwa kumekuwa karibu na bure. Kuharibu kumebaki na bei yake ileile, ila aliyebadilika ni mlipaji.

Mchukue fundi cherehani wa zamani, na zamani yenyewe haiko mbali. Kijana alipelekwa kwake na mzazi, mkononi kuna jogoo au debe la mchele. Alifagia kibaraza, alitia makaa kwenye pasi, alitumwa nyuzi na vifungo, alilea hata watoto wa fundi. Miezi ilikatika hajashika mkasi. Wapo mafundi waliokuwa wakikata vitambaa usiku ili mwanafunzi asione mkono unavyopita kwenye bega la gauni, maana aliyeona anaondoka, na akiondoka anafungua kibanda mtaa wa pili. Unyonyaji huo video imeuvunja, na sisikitiki hata kidogo. Lakini ndani ya unyonyaji ule kulikuwa na kitu ambacho hatukukihesabu. Kitambaa kikikatwa vibaya, mteja alimjua fundi, hakumjua kijana. Fundi ndiye aliyekwenda dukani kununua doti nyingine, kisha akamalizia hasira zake nyumbani. Kufagia kule kote kulikuwa bima. Mwanafunzi wa video hamfagilii mtu, na siku akikosea hana wa kumfichia aibu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakutuambia koleo jipya hununuliwa na nani.

Ndiyo maana ususi umetangulia. Nilishinda siku moja kwenye saluni ya chumba kimoja, si mbali na stendi, ambapo binti mmoja alikuwa akijifunza notlesi. Rasta za kawaida huanza na fundo: pakiti inafungwa kwenye shina la nywele, basi. Notlesi haina fundo. Unaanza kusuka nywele za mwenyewe, kisha rasta unailisha kidogo kidogo kadiri unavyoteremka, ili pale juu rasta ionekane kama imejiotea yenyewe kwenye ngozi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la jeli. Video ilikuwa ya Nigeria, vidole vimeonyeshwa kwa karibu hata rangi ya kucha unaisoma. Njia zilikuwa zimegawanywa vizuri kwa mkia wa chanio, mraba kwa mraba, kama vitalu vya mpunga. Kwa macho yangu binti alikuwa amefuzu.

Mwenye saluni alikuwa pembeni anakula muhogo, ametugeuzia mgongo. Mteja, mtoto wa darasa la sita aliyeazimwa kichwa, alivuta pumzi kwa meno. Mwenye saluni hakugeuka. "Legeza hapo mbele," alisema, akaendelea kutafuna.

Hicho ndicho ambacho video haina. Njia inaonekana, kona ya kidole inaonekana, lakini mkazo hauonekani, na ususi wote umekaa kwenye mkazo. Ukilegeza mno, rasta zinateleza kabla ya wiki kuisha. Ukibana mno, mtu halali usiku, vipele vinatoka kwenye paji, na akirudia kubanwa namna hiyo mwezi hadi mwezi zile nywele laini za pembeni hung'oka na mwisho zinagoma kuota. Kipimo cha mkazo ni uso wa anayesukwa. Kwa hiyo kichwa kilichoazimwa ndicho mwalimu wa pili, na kwa nusu ya kazi ndicho mwalimu mkuu. Bahati ya ususi ni kwamba mwalimu huyo yupo kila nyumba, na nyumba nyingi zinao watano. Ukiharibu, unafumua, pakiti ya rasta inafuliwa, inaanikwa, inatumika tena. Hasara ni kutwa moja na kero za mtoto.

Watazame pia vijana wa Kimasai wanaosuka rasta Dar es Salaam, Zanzibar na miji mingine ya nchi hii. Watu hucheka kuona morani mwenye rubega akimsuka bibi harusi. Hakuna la kucheka. Morani hukua wakisukana wao kwa wao, kwa hiyo wamefika mjini mkono umeshapita kwenye vichwa vingi vya bure kabla ya kile cha kwanza cha kulipia. Kinyozi hajinyoi, wala msusi hajisuki. Lazima kuwe na mwenzio wa kukuazima. Na Ifakara haina sababu ya kushangaa mtu akitoa mwili wake kwa ajili ya elimu. Huu ni mji wa taasisi ya utafiti wa afya ambayo wasaidizi wake wamekesha usiku kucha wameacha miguu wazi, ili mbu watue na kukamatwa. Kutoa kichwa kwa saa nane ni jambo dogo.

Ukishika uzi huo, ufundi mwingine unajipanga wenyewe. Fundi simu ana boksi chini ya meza, limejaa simu zilizokufa: zilizozama mtoni, zilizokanyagwa na bodaboda, ambazo wenyewe walikata tamaa wakaziacha. Boksi lile ndilo chuo. Anafungua video ya Mhindi au Mpakistani inayoonyesha namna ya kutafuta shoti kwenye bodi, anasimamisha, anachukua maiti mojawapo, anaipasha kwa hewa ya moto, anaiunguza, anachukua nyingine. Kijana asiye na boksi hilo anajifunzia kwenye simu ya mteja, na hapo ndipo magomvi ya mtaani huanzia. Video waliyoangalia ni ileile; mmoja alikuwa na mizoga, mwingine hana.

Kwenye cherehani, wenye akili wamebuni mzoga wao: mfuko wa saruji. Unakung'utwa, unakatwa kuwa ramani ya gauni, na ukikosea kwapa unachukua mfuko mwingine, maana ujenzi mjini haukauki. Baada ya karatasi wanahamia kwenye shuka la mtumba. Kitenge cha watu kinakuja mwisho. Anayeruka hatua hizo, akaona mshono wa Kinigeria usiku na asubuhi akapeleka mkasi kwenye doti ya mteja, utamsikia akieleza kwamba kitambaa ndicho kilichokuwa kifupi.

Keki ni mtihani mgumu zaidi, na hapa nina kovu langu. Niliwahi kufuata video neno kwa neno: mayai sita, siagi ya kutosha, unga uliochekechwa mara mbili, na dada wa kwenye video anasema weka nyuzi 180 kwa dakika arobaini. Mimi nina jiko la mkaa. Nilifanya kama tunavyofanya wote: sufuria kubwa, mchanga chini, chombo cha keki ndani, mfuniko, makaa juu. Nyuzi 180 za mkaa ni ngapi? Dada hakusema, na hakuwa na wajibu wa kusema, yeye ana oveni. Nilitoa kitu ambacho chini kilikuwa lami na katikati uji. Mama mmoja jirani, ambaye simu yake ni ya vitufe, aliniambia kosa langu kwa kusikia harufu kutoka uani kwake: makaa ya chini yalitakiwa yapunguzwe, ya juu yazidi. Sita ni mayai mengi kwa mtu kununulia maarifa. Ndiyo sababu waokaji wengi mjini ni wale ambao nyumbani kulikuwa na mtu wa kumudu trei za kuharibu, au walioajiriwa kwanza mahali pa kuoka. Video iliwafikia wote. Mayai hayakuwafikia wote.

Kuna ufundi ambao gharama yake ya kuharibu haimwangukii anayejifunza, na hapo sina mzaha. Dawa ya kunyoosha nywele ina kemikali kali. Dakika chache za ziada ni kidonda kichwani. Soda kali ya kutengenezea sabuni inachoma ngozi na jicho, na kwenye video inaonekana kama chumvi. Mkorogo ndio mbaya kupita vyote. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, lakini mafunzo ya kuchanganya hayajaisha, na video ya mkorogo ina hila ambayo video ya keki haina: inaishia wiki ya pili, uso ukiwa umeng'aa. Miaka inayofuata, ngozi ikiwa imeiva kwa jua la shambani na madoa yamepanda mashavuni, hakuna anayeirekodi. Umeme wa majumbani nao ni hivyohivyo. Waya uliofungwa vibaya huwasha taa vizuri kabisa leo.

Video hizi ziliingiaje kwenye bonde letu la Kilombero? Kwa mkupuo mfupi. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Tanzania mwaka 2009 na 2010, mkongo wa taifa ukafuata, kampuni ya simu ya Halotel ikaanza kazi mwaka 2015 na minara yake ikatambaa vijijini, na mwaka 2018 Daraja la Magufuli likafunguliwa juu ya mto Kilombero, pale ambapo watu wa Ulanga na Malinyi walikuwa wakingoja kivuko. Daraja limefanya kwa pakiti za rasta kile ambacho mnara umefanya kwa video. Bando bado ni kero, lakini watu wamelizoea: mmoja anapakua, kumi wanarushiana. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, aliyekuwa na video zake kwenye memori kadi ndiye aliyebaki na mwalimu.

Kalenda ya kujifunza nayo ina tabia zake. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Mei na kuendelea, pesa inaingia, harusi zinapangwa, na vichwa vinalipiwa. Hakuna anayetaka kujifunziwa kichwani mwezi wa harusi. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, huko ambako mtandao unashikwa ukipanda kichuguu na chaji ni ya sola ya jirani. Kwa hiyo mafunzo hufanyika kwenye upenyo mdogo kati ya jembe na sherehe, na anayechelewa upenyo huo hungoja mwaka. Chuo chenye muhula wa kudumu hakilijui hilo. Simu inalijua, kwa sababu haina muhula.

Suala la lugha nalitaja kwa kifupi kwa sababu halina uzito ambao wasomi wetu wanaupa. Vidole havina Kiingereza. Panapohitajika maneno, hujitokeza mtu: kwenye kila saluni yupo aliyefika kidato cha nne anayesimama nyuma ya kiti na kusema "anasema acha inchi mbili kabla hujaanza kulisha." Ni kazi ileile aliyoifanya Lufufu kwenye vibanda umiza, alipozitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili chenye utani hadi watu wakaenda kumsikiliza yeye kuliko kuiona sinema. Tumezoea kutazama kwa pamoja na kufasiriana. Anayedhani kijana wa Ifakara anajifunza peke yake chumbani na simu yake hajakaa saluni.

Historia yetu ya kufundishana kwa mbali inathibitisha hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita nchini, redio haikuachwa iseme peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Wakimaliza kusikiliza walitoka wakachimba choo. Zanzibar ilikuwa inaingia kwenye zama za televisheni wakati huo. Bara tulikuwa na redio tu hadi miaka ya 1990. Redio haiwezi kufundisha kusuka, lakini ilielewa jambo ambalo simu imelisahau: kwamba somo linalofuatwa na jembe la pamoja hugawa hasara. Shimo likibomoka, limebomokea kumi.

Mfano ulionikaa zaidi si wa hapa, ila ni wa mpunga. Nchini Benin wanawake wa vijijini walifundishwa njia bora ya kuchemsha mpunga kabla ya kukoboa, baadhi kwa semina ya siku mbili, baadhi kwa video iliyochezwa na wanawake wakulima wenyewe. Watafiti walipozunguka vijijini mwaka 2007 na 2008, walikuta video imewafikia asilimia 74 ya wanawake na semina asilimia 27. Semina ilikuwa imeliwa na wenye vyeo, posho na upendeleo. Zaidi ya asilimia 95 ya walioona video walikuwa wakianika mpunga kwenye maturubai na kuvua viatu kabla ya kuugeuza. Kati ya waliopata semina peke yake, waliofanya hivyo walikuwa kama nusu. Mtu wa Kilombero hahitaji kuelezwa maana ya turubai wakati wa mavuno. Lakini angalia walifundishwa nini: kuanika na kuvua viatu. Turubai wanaweza kuliazima, na kuvua viatu hakugharimu kitu. Video ilishinda mahali ambapo kujaribu hakumtii mtu hasara.

Na huwezi kuzungumzia video bila Julius Yego. Mkenya huyo alijifunza kurusha mkuki kwa kuwaangalia kwenye YouTube akina Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akapata dhahabu ya Michezo ya Afrika Maputo mwaka 2011, na mwaka 2015 Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Hadithi hii husimuliwa mitandaoni kama ushahidi kwamba kocha hana kazi. Katikati pana kipande kinachorukwa: baada ya Maputo alipata ufadhili akaenda Kuortane, Finland, akafundishwa na kocha wa mkuki. Video ilimfikisha mlangoni. Ndani aliingizwa na mtu aliyemwona akikosea. Msusi wetu mwenye muhogo alifanya kazi ya kocha huyo bila hata kugeuka.

Serikali haijalala usingizi kabisa. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, pamoja na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha VSOMO mwaka 2016, programu ya simu ambayo nadharia yake unasoma nyumbani kisha unakwenda chuoni kwa vitendo. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa aliyejifunzia mtaani, apimwe na apewe cheti. Na bondeni tuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, Ifakara mjini na Sofi huko Malinyi, miongoni mwa vyuo 54 vilivyotokana na mpango wa mwaka 1975. Vyuo hivi vingi bado vinafikiri kwamba bidhaa yao ni mafunzo, vikashindana na simu kwenye uwanja ambao simu imeshashinda. Mimi ningeviomba vigeuze biashara: viuze kuharibu. Kila Jumamosi wafungue karakana, waweke vichwa vya sanamu, maboksi ya simu zilizokufa, mashuka ya mtumba, oveni moja yenye kipimajoto, ubao wa nyaya usio na umeme wa kuua, na fundi mmoja aliyekaa pembeni akila muhogo. Kijana alete video yake mwenyewe. Alipe kiingilio kidogo, aharibu mpaka aridhike. Najua lugha hii haitapita kwenye andiko la bajeti. Waiite "mazoezi kwa vitendo," mimi sina neno.

Mpaka hapo, soko linajitafutia njia. Yule binti wa notlesi alimaliza kichwa saa moja jioni, akamshikia mtoto kioo. Mtoto akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akapapasa paji lililokuwa bado linamuuma. Dada akamuuliza kama Jumamosi ijayo atakuja tena, kuna mtindo mwingine wa kujaribu. "Nitakuja," mtoto akasema, "ila safari hii uniunge bando." Mwenye saluni, kwa mara ya kwanza siku ile, akageuka.